Malindi au Ganze? Mambo ya kutazamwa kabla kamati haijaandika barua



Kila mwaka, baada ya matokeo ya kidato cha nne kutangazwa, ofisi yetu hupokea barua za kamati za parokia zinazofanana sana. Kijana wa Ganze, Bamba au Vitengeni amemaliza shule. Nyumbani chakula ni cha kubahatisha. Anaomba nauli na barua ya kumtambulisha ili aende Malindi au Watamu kutafuta kazi hotelini. Kamati inatuuliza: tumsaidie aende, au tumsaidie abaki?

Kamati zenyewe zimegawanyika. Zipo zinazosema mji wa watalii ni mtego na barua ya kamati isitumike kumpeleka mtoto wa watu huko. Zipo zinazosema mtu hawezi kula mandhari ya kijiji, aende apate mshahara. Wafadhili wetu nao, hasa wa ng'ambo, wengi huelekea upande wa kwanza. Wanapenda kusikia kwamba kijana amebaki kwao. Tunawaelewa, ingawa tunaona ni haki kusema kwamba baadhi yao walituona kwa mara ya kwanza walipokuja Malindi likizo, wakahudumiwa mezani na vijana hao hao.

Kwa maoni yetu pande zote mbili zinateleza mahali pamoja. Zinadhani familia inachagua ama mji ama kijiji. Familia nyingi za huku nyika hazichagui hivyo. Hugawana watu: mmoja mjini, wengine nyumbani, na uhai wa wote hutegemea kamba inayowaunganisha. Kazi ya kamati ni kuangalia kamba hiyo itashika wapi na itakatika wapi. Makala haya yanaeleza namna ya kuangalia.

MALINDI INATOA NINI

Malindi ni mji mkongwe. Vasco da Gama alipokelewa hapo mwaka 1498, na nguzo yake bado inaonekana ufukweni. Lakini mji ambao vijana wetu wanaukimbilia ni ule uliokua kuanzia miaka ya 1970, wageni wa Kitaliano walipoanza kuja kwa wingi, wakajenga hoteli, mikahawa na majumba ya kupangisha kuanzia Malindi hadi Watamu. Ukiongeza mbuga za bahari za Malindi na Watamu, zilizotengwa mwaka 1968, unapata mji ambao sehemu kubwa ya riziki yake hutoka kwa mgeni.

Kazi zipo, na hatupaswi kuzidharau. Mpishi, mhudumu wa vyumba, dobi, mtunza bustani, askari wa usiku, fundi wa makuti, dereva wa tuktuk, muuza samaki. Mpishi aliyejifunza jikoni kwa miaka mitano ana ujuzi ambao hakuna ukame unaoweza kuunyausha.

Tatizo la Malindi ni kwamba riziki yake ina msimu, na msimu huo hauamuliwi Malindi. Wageni huja zaidi Julai na Agosti, kisha Desemba hadi Machi. Baada ya Pasaka pepo za kusi huanza, mwani hujaa ufukweni, mvua hunyesha, na hoteli nyingi hupunguza watu au kufunga kabisa mpaka Julai. Mfanyakazi wa kibarua hukaa miezi mitatu bila mshahara huku kodi ya chumba ikidaiwa kila mwezi.

Juu ya msimu wa kila mwaka kuna mishtuko. Ghasia za Likoni za mwaka 1997 zilifukuza watalii pwani nzima. Bomu la Kikambala la Novemba 2002 lilifanya vivyo hivyo, na vurugu baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zikafuata. Mwaka 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni na maonyo ya serikali za Ulaya kwa raia wao, hoteli zilifungwa moja baada ya nyingine. Mwezi Machi 2020 ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa kwa sababu ya korona, na hazikurudi mpaka Agosti. Ukihesabu, kijana aliyeanza kazi mwaka 1997 amepigwa mara tano, na hakuna hata mara moja ambapo kosa lilikuwa lake. Wengi wa waliovuka mishtuko hiyo walikuwa na mahali pa kurudi.

GANZE INATOA NINI

Tusiipambe Ganze. Ripoti ya serikali ya mwaka 2005 kuhusu umaskini ilitaja jimbo hilo miongoni mwa yale maskini kabisa nchini. Kadiri unavyoondoka baharini kuelekea magharibi ndivyo mvua inavyopungua, na mahindi yanayostawi vizuri karibu na pwani hukauka yakiwa magotini huku ndani. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika maeneo kame ya Kenya. Ng'ombe walikufa, watoto waliacha shule wakatafute maji. Mvua ya El Niño ilipokuja mwishoni mwa 2023, ilikuja kwa mafuriko.

Maji ni jambo linalotuuma kwa namna ya pekee. Maji ya mabomba ya Malindi, Kilifi na hata Mombasa hutoka Baricho, kando ya mto Sabaki, huku huku ndani. Yanapita chini ya ardhi kwenda kwenye mabwawa ya kuogelea, na kina mama wa vijiji kadhaa vya nyika bado wanachota kwenye silanga pamoja na mbuzi. Mtu anayemlaumu kijana kwa kwenda Malindi akumbuke kwamba maji yalitangulia.

Wala kijiji si mahali pa amani tu, kama wengine wanavyopenda kuandika kwenye kadi za Krismasi. Wazee wa Kilifi wamekuwa wakiuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi ukichimba unakuta ugomvi wa shamba. Kule Kaya Godoma, Ganze, kumekuwa na makao ya kuwapokea wazee waliotishiwa na watu wa nyumba zao wenyewe. Disko matanga, ambazo serikali imezipiga marufuku mara nyingi, zimeharibu wasichana wengi bila kuhitaji mtalii hata mmoja.

Hata hivyo Ganze ina vitu ambavyo Malindi haina. Kodi ya nyumba hailipwi. Mbuzi wa kuuza mnadani Bamba shida inapobisha hodi wapo. Muhogo huvumilia pale mahindi yanaposhindwa. Kuna jirani anayekujua. Juu ya yote kuna ardhi, na hapa tunaomba msomaji avute subira kidogo.

SUALA LA SHAMBA

Ukanda wa maili kumi kutoka baharini, kama kilomita 16, ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, na Waingereza walichukua usimamizi wake mwaka 1895. Mwaka 1908 walitunga sheria iliyomtaka kila mwenye dai la ardhi katika ukanda huo alipeleke likaandikishwe. Madai ya Wamijikenda, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo na wala si ya mtu mmoja, hayakutambuliwa. Ardhi isiyoandikishwa ikawa ya serikali ya kikoloni. Hiyo ndiyo asili ya neno maskwota, ambalo hadi leo linawahusu watu walioishi mahali pamoja kwa vizazi vitatu bila hati.

Faida ya kujua historia hii ni ya vitendo kabisa. Familia inayouza shamba Ganze ili inunue ploti kando ya Malindi mara nyingi inauza kitu chenye mizizi na kununua karatasi iliyoandikwa na mtu ambaye mwenyewe hana hati. Baada ya miaka kumi anatokea mwenye hati, na tingatinga nyuma yake.

Huku ndani hali ni tofauti. Sehemu nyingine zimekwisha pimwa na watu wana hati miliki. Sehemu nyingine bado ni ardhi ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inairuhusu jamii kuiandikisha kwa jina lake. Shamba lenye hati halipaswi kuuzwa bila ridhaa ya bodi ya kudhibiti ardhi, na nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mke au mume. Tumekuta kina mama waliofahamu jambo hili siku ambayo mnunuzi alikuja kupima mipaka. Tunaomba kila kamati itangaze haya katika jumuiya ndogo ndogo, kwa lugha ya nyumbani, na si mara moja tu.

Kwa hiyo jibu letu la kwanza kwa kamati ni hili: swali la kama kijana aende linaweza kujadiliwa, lakini kuuza shamba ili kumlipia safari tunakataa. Ombi la aina hiyo likifika mbele yenu, lirudisheni.

MIEZI INAVYOKUTANA

Sasa tuweke kalenda mbili pamoja, ya hoteli na ya shamba. Mvua kubwa, ile ambayo pwani wengi huiita mvua ya mwaka, huanza kati ya mwisho wa Machi na Aprili. Kulima na kupanda ni wakati huo, palizi ni Mei na Juni. Hiyo ndiyo miezi ambayo hoteli zimefungwa. Julai wageni wanaporudi, shamba linahitaji mikono michache zaidi. Agosti kuna mavuno, na hapo kalenda zinagongana kidogo, lakini kuvuna hata wazee na watoto wa likizo husaidia. Mvua ya vuli ya Oktoba na Novemba huja kabla ya msimu wa Krismasi.

Tuchukue mfano wa hesabu, usiomhusu mtu fulani. Kijana analipwa shilingi 15,000 kwa mwezi kwa miezi tisa. Chumba ni 3,500, chakula na nauli 7,000. Anabaki na 4,500, na tuseme anatuma 4,000 nyumbani. Kwa miezi tisa nyumbani kumefika 36,000. Akikaa mjini miezi mitatu ya kusi bila kazi, chumba na chakula vitakula zaidi ya 30,000, na kwa kawaida hizo hukopwa. Mwaka umekwisha na familia haina kitu. Kijana huyo huyo akifunga chumba mwishoni mwa Aprili, akarudi nyumbani kulima, hakopi na familia ina ekari moja zaidi iliyopandwa. Ikiwa mvua itakosekana, bado alizotuma zipo.

Kinachozuia jambo hili kwa kawaida ni aibu. Kijana anaona haya kuonekana kijijini na jembe baada ya kuonekana na fulana ya hoteli. Wazee wa nyumba wanaweza kusaidia sana hapa kwa kutomuuliza mbele ya watu ameleta nini. Kizuizi cha pili ni hofu ya kupoteza nafasi. Kwa hili inafaa kujua kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja hahesabiwi tena kama kibarua wa siku, bali ana haki za mwenye mkataba. Kijana aweke kumbukumbu ya siku zake katika daftari, na msimu unapofungwa aombe barua inayoonyesha alifanya kazi gani na tarehe zipi. Waajiri wazuri huitoa bila shida.

Tangu M-Pesa ianzishwe mwaka 2007 kutuma pesa nyumbani si safari tena. Lakini simu imeleta ugonjwa wake: pesa zinatumwa kwa mtu mmoja na hakuna mwingine anayejua. Familia zinazofanikiwa ni zile ambazo sehemu ya fedha huingia moja kwa moja katika kikundi cha kuweka na kukopa, na mama au bibi ndiye mwenye kitabu.

KUHUSU WASICHANA

Hapa tunasema bila kuzunguka. Mwaka 2006 UNICEF pamoja na serikali ya Kenya walitoa ripoti kuhusu watoto na utalii wa ngono katika pwani ya Kenya. Ilikadiria kwamba wasichana kati ya 10,000 na 15,000 wa umri wa miaka 12 hadi 18 walikuwa wakijihusisha, kwa nyakati tofauti, na biashara ya mwili Malindi, Mombasa, Kilifi na Diani. Ripoti haikuwalaumu wageni peke yao. Wateja wengine walikuwa Wakenya. Ni miaka mingi sasa tangu itolewe, lakini njia iliyoelezwa humo bado tunaiona: msichana anaondoka nyumbani kwa ahadi ya kazi ya ndani au ya saluni, mwenyeji wake ni rafiki wa rafiki, kazi haipo, na kodi inadaiwa.

Mvulana naye ana mitego yake. Unga, yaani heroini, umewamaliza vijana wengi wa Malindi, na wapo wanaokwenda kutafuta kazi ya kuongoza wageni ufukweni wakaishia kuuza kila kitu hata nafsi zao.

Kwa sababu hiyo hatutaki barua ya kamati kwa mtu aliye chini ya miaka 18 anayekwenda kufanya kazi. Akienda kusoma, tunataka jina la jamaa atakayekaa naye, shangazi au mjomba wa kweli, na kamati ya parokia ya Malindi au Watamu iwe imefika katika nyumba hiyo na kuiona. Kamati za mjini zimelalamika kwamba hii ni kazi ya ziada. Ni kweli, ni kazi ya ziada. Mtu yeyote anayejua mtoto aliye hatarini anaweza kupiga simu 116 bila malipo, na namba hiyo ibandikwe katika kila kanisa.

UFUNDI UFUNDISHWE WAPI

Swali hili si geni kwa makanisa. Mwaka 1966 makanisa ya Kenya yalitoa ripoti mashuhuri iliyouliza vijana wanaomaliza shule ya msingi wataelekea wapi, na hapo ndipo vilipozaliwa vyuo vya ufundi vya vijiji. Wazo lilikuwa kwamba kijana ajifunze ufundi karibu na kwao ili abaki kwao. Baadhi ya vyuo vilifaulu, vingine vilifundisha useremala mahali ambapo hapana mnunuzi wa meza.

Kwa maoni yetu, ufundi unaotumika pande zote mbili ndio wa kugharamia kwanza. Fundi wa mabomba hufunga matangi kijijini na hutengeneza bafu hotelini. Fundi wa umeme wa jua ana kazi Bamba na ana kazi Watamu. Mwashi pia. Mafunzo ya uhudumu wa mezani peke yake tunayaweka nyuma, kwa sababu hoteli zikifungwa hayana pa kutumika. Wafadhili wengine hawatakubaliana nasi, maana mafunzo hayo ni ya haraka na picha zake ni nzuri.

Tusisahau pia kazi zinazofanyika kijijini kwa fedha za mbali. Kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba zipatazo 420, wakulima tangu 1993 wamekuwa wakifuga vipepeo kupitia mradi wa Kipepeo wa Gede na kuwauza ng'ambo wakiwa bado ndani ya vifuko vyao. Kazi hiyo inahitaji msitu uwe umesimama, na huwezi kuihamishia mjini. Asali ni vivyo hivyo. Si kila kijiji kina msitu, na Bamba hakuna vipepeo wa kuuza, lakini kamati za upande wa Dida na Vitengeni zingefanya vizuri kuuliza kabla ya kutuandikia kwamba hakuna kitu kijijini.

BARUA ZA MWAKA HUU

Fomu mpya ya maombi ina maswali manne ambayo hayakuwemo zamani: shamba liko kwa jina la nani, nani atapokea fedha na nani mwingine atajua, mwombaji atakaa kwa nani mjini, na atafanya nini kuanzia Aprili hadi Juni. Swali la nne likiachwa wazi, tutairudisha fomu. Mwombaji ajibu mwenyewe mbele ya mzazi au mlezi, na mwenyekiti asiandike kwa niaba yake.

Maombi ya kwenda mjini yatufikie mwanzoni mwa Juni, ili wanaokubaliwa wafike Malindi hoteli zinapoanza kuita watu, wala si baada ya Pasaka zinapowafukuza. Maombi ya mbegu na ya kulimiwa yatufikie kabla ya Jumatano ya Majivu. Familia moja inaweza kuleta yote mawili, na tungependa kuona zaidi za namna hiyo. Kwa wafadhili: nauli na kodi ya mwezi wa kwanza wa mtu mmoja, pamoja na mbegu za familia yake, sasa tunaziandika kama ombi moja, nanyi mtaletewa taarifa moja.